Marconi, mwanzilishi wa simu ya upepo, na siri isiyofichika hewani

Mkulima wa Kahe anapouza mpunga wake na kulipwa kwa simu, hakuna waya unaounganisha simu hiyo na mnara. Taarifa za pesa zake hupita hewani, juu ya mashamba na juu ya reli ya Tanga hadi Moshi, na humfikia kila mtu aliye karibu mwenye kifaa cha kuzinasa. Mawimbi ya redio hayachagui wa kumwendea. Huenda pande zote, kama sauti ya ngoma.

Basi ni nini kinachomzuia mtu mwingine asizisome taarifa hizo? Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 120, na mtu wa kwanza kuulizwa hadharani alikuwa Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyeifanya simu isiyo na waya kuwa kazi ya kila siku duniani. Wazee wetu waliiita simu ya upepo. Katika makala hii tunaeleza maisha yake, jinsi alivyodhani kwamba siri ya hewani inaweza kulindwa kwa kuchagua masafa tu, jinsi alivyoumbuliwa mbele ya watu, na kwa nini shule ya mafundi aliyoianzisha ina maana kwetu leo.

Kijana wa dari ya juu

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, katika ukoo maarufu wa watengenezaji wa wiski. Kwa sababu ya mama huyo, kijana alikua akizungumza Kiitaliano na Kiingereza, na jambo hilo lilimfaa sana baadaye.

Shuleni hakung'ara, na hakupata shahada ya chuo kikuu. Bahati yake ilikuwa kumfahamu Augusto Righi, profesa wa fizikia wa Bologna, ambaye alimpa nafasi ya kujifunza. Mwaka 1894 alifariki mwanasayansi wa Kijerumani Heinrich Hertz, ambaye miaka michache nyuma alikuwa amethibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yanayosafiri bila waya. Marconi, akiwa na miaka 20, alisoma habari za majaribio hayo, akajiuliza kama mawimbi yale yanaweza kubeba ujumbe.

Alijifungia katika chumba cha juu cha nyumba ya wazazi wake, Villa Griffone, akianza kwa kupiga kengele upande mmoja wa chumba kwa kubonyeza kitufe upande wa pili, bila waya katikati. Mwaka 1895 alitoka nje. Aligundua kwamba akiinua antena juu na kuunganisha upande mwingine wa mtambo na ardhi, mawimbi yalifika mbali zaidi. Kaka yake, Alfonso, alikwenda upande wa pili wa kilima na kifaa cha kupokelea, akiwa na bunduki. Ishara ilipofika, alifyatua risasi hewani ili ndugu yake ajue. Umbali ulikuwa kama kilomita 2.

Marconi hakuwa peke yake. Oliver Lodge nchini Uingereza, Alexander Popov nchini Urusi, Jagadish Chandra Bose nchini India na Nikola Tesla nchini Marekani walikuwa wakishughulikia mawimbi hayo hayo. Mabishano ya nani alitangulia yaliendelea hata baada ya kifo chake: mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu ya haki zake za uvumbuzi. Alichowazidi wenzake ni kuona kwamba hiki ni chombo cha biashara, na kukisukuma bila kuchoka.

Kutoka Italia hadi ng'ambo ya bahari

Mwaka 1896 alihamia Uingereza pamoja na mama yake, akaomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, alimpokea na kumsaidia. Mei 1897 ujumbe ulivuka maji kati ya pwani ya Wales na kisiwa cha Flat Holm. Mwaka huo huo alianzisha kampuni, akiwa na miaka 23. Mwaka 1898 kampuni ilifungua kiwanda katika mji wa Chelmsford, na Machi 1899 ujumbe ulivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza.

Tarehe 12 Desemba 1901, Marconi alikuwa St John's, Newfoundland, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, akishika kifaa cha kusikilizia huku antena yake ikiwa imebebwa angani na tiara. Alieleza kwamba alisikia nukta tatu, yaani herufi S katika alama za Morse, kutoka kituo chake cha Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza, umbali wa kama kilomita 3,400. Wapo wataalamu wanaotilia shaka mpaka leo kama kweli alisikia. Hata hivyo, muda mfupi baadaye alithibitisha kwa majaribio mengine kwamba mawimbi huenda mbali sana kuliko wengi walivyodhani.

Habari hii haikuzifurahisha kampuni za nyaya za baharini. Wakati ule telegramu zilipita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari. Zanzibar yenyewe iliunganishwa kwa waya wa namna hiyo mwaka 1879, na kampuni iliyoulaza ilikuwa ya kundi moja na Eastern Telegraph, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Waya ni ghali, lakini aliyetaka kuusikiliza ilimbidi aufikie. Hewa haina gharama hiyo, na haina ukuta.

Mcheza mazingaombwe aliyeingilia

Marconi alikuwa na jibu. Mwaka 1900 alipata hataza namba 7777, iliyohusu kulinganisha masafa. Wasikilizaji wa redio wanalijua jambo hili bila kufundishwa: ukizungusha kitufe unakipata kituo kimoja na kuviacha vingine. Marconi alikifanya chombo cha kutumia na cha kupokelea vilingane, ili vituo viwili vizungumze bila kuingiliwa na vingine. Akaenda hatua moja mbele: akawa anaeleza kwamba, kwa kulinganisha masafa hivyo, ujumbe wake hauwezi kunaswa na mtu asiyehusika.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kuchagua masafa husaidia kutenganisha mazungumzo, lakini hakuyafichi. Mtu mwingine akizungusha kitufe chake mpaka akutane nawe, atasikia kila kitu.

Aliyelijua hilo alikuwa Nevil Maskelyne, Mwingereza aliyefanya mazingaombwe jukwaani na ambaye pia alikuwa fundi hodari wa simu isiyo na waya. Kampuni ya Eastern Telegraph ilimwajiri aichunguze kazi ya Marconi. Alisimamisha mlingoti karibu na vituo vya Marconi, akanasa ujumbe uliokuwa ukienda kwenye meli, na mwaka 1902 akaeleza matokeo yake katika jarida la mafundi umeme. Marconi hakubadilisha msimamo.

Tarehe 4 Juni 1903, katika ukumbi wa Royal Institution jijini London, profesa John Ambrose Fleming, mshauri wa Marconi, alikuwa akitoa mhadhara kuhusu chombo hicho kipya. Marconi alikuwa Poldhu, tayari kutuma ujumbe ambao ungepokelewa mbele ya hadhira. Kabla ya wakati wake kufika, mtambo wa ukumbini ulianza kugonga. Fleming, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, aliendelea kuzungumza. Msaidizi wake alisikia, akasoma alama zile, akashtuka. Lilikuwa neno la kejeli likirudiwa mara nyingi, kisha mashairi ya kumdhihaki Mwitaliano anayewahadaa watu. Yalikoma dakika chache tu kabla ya ujumbe halisi wa Marconi kuingia.

Fleming alikasirika, akaandika gazetini akiomba msaada wa kumpata mhuni huyo. Maskelyne hakujificha. Alijibu gazetini kwamba ni yeye, na kwamba alifanya hivyo ili umma ujue kwamba madai ya usalama hayakuwa ya kweli. Leo wataalamu wa usalama wa mitandao hulihesabu tukio hili kuwa la kwanza la kuingilia mtandao usio na waya.

Lilionyesha udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza, kwamba mtu asiyehusika anaweza kusikiliza. Wa pili ni mbaya zaidi: mtambo wa kupokelea haukuwa na njia yoyote ya kujua ni nani anayezungumza nao. Uliamini kila ishara iliyofika.

Shule ya mafundi

Mwaka 1901 kampuni ya Marconi ilikuwa imefungua shule ya mafundi wa simu isiyo na waya huko Frinton, katika jimbo la Essex. Inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Baadaye ilihamia Chelmsford na kujulikana kama Chuo cha Marconi. Yule kijana asiyekuwa na shahada alitambua kwamba chombo hiki hakiwezi kuachiwa mtu yeyote anayepita njiani.

Wanafunzi walijifunza umeme, kutunza na kurekebisha mitambo, kutuma na kusikiliza alama za Morse, na sheria za kazi. Wahitimu walipelekwa kwenye meli na vituo vya pwani sehemu nyingi za dunia. Waliajiriwa na kampuni ya Marconi hata kama meli ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwaka 1906 mataifa yalikutana Berlin na kuweka kanuni za kwanza za kimataifa za kazi hii. Kanuni hizo zilitaka fundi wa meli awe na cheti kutoka kwa serikali. Ili akipate, ilimbidi aonyeshe kwamba anaweza kurekebisha mitambo, kutuma na kusikiliza maneno yasiyopungua 20 kwa dakika, na kwamba anazijua kanuni. Cheti hicho kilieleza jambo moja zaidi: kwamba serikali imemfunga mwenye cheti kutunza siri ya ujumbe anaoupitisha.

Wakubwa wa wakati ule walikuwa wamekubali kwamba hewa haifungiki. Kwa hiyo walimfunga mtu. Ufundi na uaminifu viliandikwa kwenye karatasi moja.

Kanuni hizo za 1906 zililigusa pia jambo lisilompendeza Marconi. Kampuni yake ilikuwa na desturi ya kukataa kuzungumza na meli zilizotumia mitambo ya wapinzani. Mataifa yalisema vituo vya pwani na meli visibaguane kwa sababu ya aina ya mtambo. Ishara ya SOS ya kuomba msaada nayo ilikubaliwa huko huko.

Usiku wa Titanic

Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Miaka 3 baadaye, kazi ya mafundi wake ilipimwa katika jambo la kufa na kupona.

Meli ya Titanic ilikuwa na mafundi wawili wa kampuni ya Marconi: Jack Phillips, mwenye miaka 25, na Harold Bride, mwenye miaka 22. Siku moja kabla ya ajali mtambo wao uliharibika. Walikesha wakiutengeneza, wakafaulu. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ilipogonga barafu, mtambo huo ndio uliopeleka wito wa msaada. Meli ya Carpathia iliusikia, ikaja, ikaokoa watu kama 700. Watu wapatao 1,500 walikufa, Phillips akiwa mmoja wao.

Lakini usiku huo ulionyesha pia mapengo. Jioni ile, meli ya Californian, iliyokuwa karibu, ilijaribu kumweleza Phillips kuhusu barafu. Phillips alikuwa na rundo la ujumbe wa abiria wa kutuma, akamtaka fundi mwenzake anyamaze. Fundi wa Californian alikuwa peke yake, akazima mtambo na kwenda kulala. Wito wa msaada ulipoanza, hakukuwa na mtu wa kuusikiliza.

Baada ya hapo Marekani ilipitisha sheria ya leseni za redio mwaka huo huo wa 1912, na mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli wa mwaka 1914 ukaweka masharti ya zamu za kusikiliza usiku na mchana. Kwa msikilizaji wa leo, maana yake ni hii: mtandao wenye mitambo mizuri lakini usio na watu wa kutosha, wasio na utaratibu wa kupeana zamu na wa kutanguliza la dharura, bado ni mtandao dhaifu.

Marconi mwenyewe alipata ajali ya gari mwaka huo huo wa 1912, akapoteza jicho la kulia.

Vita vinafika kwetu

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kusikiliza mawimbi ya adui kuligeuka kuwa silaha. Wahandisi wa kampuni ya Marconi waliwasaidia Waingereza kunasa ujumbe wa Wajerumani na kutambua ishara inatoka upande gani. Marconi alirudi Italia na kulitumikia jeshi la nchi yake.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, meli ya Kiingereza Astraea ilikipiga kituo cha Dar es Salaam kwa mizinga. Juni 1915 Waingereza waliivamia Bukoba, na lengo lao kubwa lilikuwa kukiharibu kituo cha huko.

Meli ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika mikoko ya mto Rufiji. Waingereza waliitafuta kwa wiki kadhaa. Kilichowafikisha kwenye maficho ni nyaraka walizozikuta Oktoba 1914 huko Lindi, ndani ya meli nyingine ya Kijerumani iitwayo Präsident, zilizoonyesha makaa ya mawe yalikopelekwa. Nahodha wa Königsberg angeweza kunyamaza hewani mwaka mzima, lakini karatasi zilizoachwa na wenzake zilimsema.

Königsberg iliangamizwa Julai 1915. Wajerumani waliiokoa mizinga yake 10, wakaiwekea magurudumu na kuisambaza bara. Mmoja ulifika Kahe. Majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliposhambulia Machi 1916, mzinga huo ulikuwa miongoni mwa silaha zilizolinda eneo la stesheni na mto. Wajerumani walipoondoka, waliulipua wenyewe. Hivyo mzinga wa meli uliishia chini ya Mlima Kilimanjaro, mbali na bahari, na mwanzo wa safari yake ulikuwa siri iliyovuja Lindi.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita Marconi alinunua meli ndogo, akaiita Elettra, na kuigeuza kuwa karakana yake baharini. Huko alishughulikia masafa mafupi, ambayo hufika mbali sana kwa nguvu ndogo ya umeme. Vijiji vingi vya kwetu vilipoanza kusikia habari za dunia, ilikuwa ni kwa masafa hayo. Mwaka 1931 aliijenga Redio Vatikani na kumkaribisha Papa Pius wa 11 kuzungumza na dunia kwa mara ya kwanza.

Tukieleza maisha yake hatuwezi kuacha upande mwingine. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini, na mwaka 1930 akateuliwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Italia. Nyaraka zilizochunguzwa baada ya miaka mingi zinaonyesha kwamba alisaidia kuwazuia Wayahudi wasiingie katika chuo hicho. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Marconi aliutetea uvamizi huo, na BBC ikamnyima nafasi ya kuzungumza hewani. Aliyeipa dunia simu ya upepo alinyimwa kipaza sauti.

Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63. Siku iliyofuata mitambo ya redio ya Uingereza na ya nchi nyingine ilinyamaza kwa dakika 2. Kwa muda huo mfupi hewa ilirudi kuwa kama alivyoikuta.

Kilichobaki: ufunguo na mtu

Funzo la Maskelyne halikufa na Marconi. Miaka 5 baada ya kifo chake, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walihamishia Kilindini, Mombasa, kikosi chao cha kunasa ujumbe wa jeshi la majini la Japani. Waliweka ofisi katika shule ya Allidina Visram, wakisikiliza kutoka pwani ya Kenya na kuyafumbua mafumbo ya Kijapani. Wajapani walijua kwamba hewa ina masikio, ndiyo maana walitumia mafumbo. Kilichowaponza ni mafumbo yenyewe kuwa na udhaifu.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali la mwanzo. Taarifa za mkulima wa Kahe zinaweza kunaswa na mtu mwingine. Kinachotakiwa ni kwamba akizinasa asielewe kitu, na kwamba asiweze kujifanya mtu mwingine. Ndani ya laini ya simu yako kuna ufunguo wa siri, na kampuni ya simu ina ufunguo unaolingana nao. Simu inapoungana na mnara, mtandao hutuma namba ya kubahatisha. Laini huipiga hesabu kwa kutumia ufunguo wake na kurudisha jibu. Jibu likiwa sahihi, mtandao unajua kwamba laini ni halali, ingawa ufunguo wenyewe haukupita hewani hata mara moja. Kisha mazungumzo hufumbwa. Mtambo wa Fleming mwaka 1903 haukuwa na uwezo wa kuuliza swali kama hilo.

Hata hivyo, kufuli huchakaa. Mitandao ya zamani ya kizazi cha pili iliihakiki simu, lakini simu haikuuhakiki mnara, na hivyo mtu mwenye mnara wa uongo aliweza kuidanganya. Kizazi cha tatu kiliziba tundu hilo kwa kuzifanya pande zote mbili zihakikiane. Katika Wi-Fi, kufuli ya kwanza iliyoitwa WEP ilitoka mwaka 1997, na mwaka 2001 wataalamu walionyesha jinsi inavyovunjwa. Ikafuata WPA, kisha WPA2 mwaka 2004, kisha WPA3 mwaka 2018. Kila mara walikuwapo akina Maskelyne waliotangaza udhaifu, na wahandisi waliokaa chini kuurekebisha.

Ndiyo maana mafunzo ya kazi hii hayaishi. Nchini kwetu vijana huyapata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha na vyuo vingine, na wapo wanaoongeza vyeti vya kimataifa vya mitandao. Mwanafunzi wa leo hajifunzi alama za Morse, lakini anarithi yaliyokuwa kwenye cheti cha 1906: ajue kuutengeneza mtambo, ajue kanuni, na atunze siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaliweka jukumu hilo la mwisho mabegani mwa kila taasisi inayokusanya taarifa zetu. Mzazi wa Kahe anayemlipia kijana wake masomo ya mitandao anamwandaa kwa kazi ya ufundi na ya uaminifu kwa pamoja.

Na sisi wenye simu tuna sehemu yetu. Pesa nyingi zinazoibwa kwa simu haziibwi kwa kuvunja mafumbo ya hewani. Huibwa kwa kumwomba mwenye simu namba yake ya siri, kwa kumtumia ujumbe wa kutaka pesa itumwe kwenye namba nyingine, au kwa kuikuta namba ya siri imeandikwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wa simu. Hizo ndizo nyaraka za Lindi za siku hizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Mwanao au jirani akikusaidia kutuma pesa, iandike namba ya siri wewe mwenyewe. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040, ukifuatiwa na namba iliyoutuma. Na kama una Wi-Fi dukani au nyumbani, badilisha neno la siri lililokuja na kifaa, kisha hakikisha kifaa kimewekwa kwenye WPA2 au WPA3.